Mkasi wa Mama Mkwe, Namba Kumi na Saba

Jumapili, 12 Oktoba. Jua kali tangu asubuhi. Ziwa limetulia kama halijui lolote. Mimi sijatulia.

Leo nimekagua watu mia tatu na arobaini kwenye geti la bustani hii ya michezo ya watoto. Mtu mmoja hunichukua sekunde nane: mikono juu, nampitishia kifaa cha kutafutia vyuma mbele na nyuma, anafungua begi, anapita kwenda kwenye bembea. Hesabu hiyo niliifanya mwenyewe. Nilianza kwa kubeba mizigo stendi ya Kitai. Sare hii ni jasho langu.

Mmoja wa leo alinichukua dakika mbili.

Alikuwa mama mkwe wangu.

Tiketi za bure za familia niliziomba mimi. Miaka sita nimeoa binti yake, hajawahi kuona ninapofanyia kazi. Nilipanga vizuri: wanawake hukaguliwa na Dada Rehema, mimi ningesogea pembeni. Kwetu mama mkwe hupishwa njia; hata salamu namtumia kupitia kwa mke wangu. Lakini Rehema kauguliwa na mtoto, na meneja hakuweka mtu mwingine. Eti kifaa hakigusi mwili.

Nilipomwona kwenye foleni na mke wangu na binti yetu Neema, kainamisha uso, nikamkimbilia meneja.

"Bosi, yule ni mkwe wangu. Naomba apite tu."

"Sheria ni moja, kaka. Wako akipita hivi hivi, wa mwenzako nitamzuiaje?"

Foleni ikaanza maneno. "Mlinzi, unamwogopa bibi?" "Labda kabeba bomu la mihogo!" Wakacheka.

Niseme ukweli. Ningeweza kukiweka chini kile kifaa. Ila Ijumaa miezi yangu mitatu ya majaribio inaisha: niajiriwe, au nirudi kwenye mizigo. Nikajiambia, sentimita tano za hewa kati ya kifaa na nguo zake, huko si kumgusa.

Kikalia kiunoni.

Ikabidi alegeze khanga mbele yangu, mbele ya mjukuu wake. Akatoa mkasi wa kupogolea mikahawa. Alfajiri alipitia shambani kwake Matiri kabla ya kupanda gari, akaufutika, akausahau. Vyenye makali haviingii. Nikaupokea kwa mkono wangu huu, nikampa kibao namba kumi na saba cha kuuchukulia.

Hakukipokea. Aligeuka akaenda kutafuta gari la Mbinga, arudi kwake.

"Baba Neema, hata aibu?" Mke wangu akamfuata mama yake, Neema akilia anataka bembea.

Jioni meneja kanisifu kwamba sina upendeleo.

Vitu kumi na sita vilichukuliwa na wenyewe wakati wa kutoka. Umebaki mkasi. Msimu wa kupogoa ndio huu, na mkasi mwingine hana. Wa kumpelekea ni mke wangu, na simu yangu hapokei.

Nimeutoa kikashani, upo mezani hapa. Kesho zamu yangu inaanza saa mbili. Gari la Mbinga linaondoka saa moja. Hesabu nyepesi kuliko zote nilizowahi kupiga.

Nitakaa njiani, nje ya ua wake, mpaka atume mtu kuupokea.

Sijui ni siku ngapi.