Viinitete Vyako Nimevitoa kwenye Baridi

Chumba cha Mitungi,
Kituo cha Mifugo.
Tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kifua kimepona, au bado unakohoa na kujifanya mzima? Sisi hatujambo. Mama mgongo unamsumbua, ila mdomo mzima kabisa, na Baba anakula vizuri.

Sasa kaa chini, maana nina neno na najua utanikasirikia. Vile viinitete sita vya kondoo, mimba changa ulizoniachia nizitunze kwenye barafu hadi urudi, havipo tena kwenye mtungi.

Mwanzo wa mwezi wa nne nilipima gesi ya kimiminika ya kugandishia kwa rula, kama kawaida yangu kila Jumatatu, nikakuta imeshuka nusu kwa wiki moja. Mtungi umeota barafu kwa nje. Nikajua huu basi tena. Daktari wetu akasema tuvihamishie kituo cha jirani, mwendo wa saa mbili tu. Sitakudanganya, nafasi ilikuwepo. Nikakataa.

Miaka tisa, mdogo wangu! Kidoti, yule kondoo wako ambaye viinitete tulivitoa kwake, alishakufa zamani. Kila ukipiga simu unauliza, "Watoto wangu wa barafu hawajambo?" Nakujibu hawajambo, unacheka, halafu unaongeza mwaka mwingine huko huko. Ningekuomba ruhusa ungesema subiri. Ndiyo maana sikukuomba.

Nilimwendea Baba kuomba majike wanne wa kuvibeba. Alikuja juu, mali ya mwanawe isiguswe! Majike akatoa, salamu akaninyima wiki nzima. Huku nikiongeza gesi kila baada ya siku mbili, tukawachoma sindano ili wote waingie joto, yaani wawe tayari kushika mimba, kwa pamoja.

Siku ya kazi niliyeyusha mirija yenye viinitete, mmoja mmoja, kwenye maji ya vuguvugu. Kwenye hadubini, kimoja kilikuwa kimekufa. Nililia, nisikufiche. Vile vitano vilivyobaki daktari akavipandikiza, kila jike tundu dogo tumboni, mmoja akapata viwili, dakika chache tu.

Wiki iliyopita tumewapima kwa altrasaundi. Watatu wana mimba, na mmoja wao ana pacha. Baba aliona mioyo ikidunda kwenye kioo, akavua kofia, akaomba tumwonyeshe tena. Sasa tunaongea.

Watazaa katikati ya Septemba, uwepo usiwepo. Baba anaamini utakuja kuwapokea wanakondoo, ameshapaka rangi chumba chako, na mimi sikuwa na moyo wa kumwambia kwamba nilikuwa sijakuambia lolote. Mpigie wewe mwenyewe. Iwe ndiyo au hapana, lakini usimwambie asubiri.

Mama, shangazi na daktari wanakusalimu sana. Mungu akupe afya, na akulainishe moyo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ukinuna.