Banda la Kuku Lenye Mapazia

Mkuza, Kibaha

Mama yangu mpendwa,

Nina jambo sijamwambia mtu. Jumamosi iliyopita nilimuaga Dada kwamba nakwenda mazoezi ya kwaya, kumbe nilikwenda Magindu kumchunguza mumewe. Naliweka hili mbele ya salamu kwa sababu najijua: nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu.

Sasa shikamoo, Mama. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Baba bado anakohoa? Hapa sote ni wazima. Mtoto wa Dada ameota meno na anauma kila kitu, hata Biblia yangu. Matokeo ya kidato cha nne bado, nami nangoja. Ningekupigia, lakini simu yako ikilia anaipokea Amani na kuweka spika, na nusu ya Maneromango inasikia. Barua hii anakuletea mwinjilisti. Mpe chai, ila usiisome mbele yake.

Unakumbuka Shemeji alivyotuambia kwamba anajenga banda la kuku kwenye lile shamba alilonunua Magindu? Nilifurahi kuliko wote, maana unajua ninavyopenda majengo. Hapa Mkuza nikienda kanisani huwa natazama mapagale na kubahatisha yatakuwa nini. Lenye milango mipana inayoelekea barabarani ni fremu za maduka. Lenye vyumba vingi na kila chumba na choo chake ni gesti, hata mwenyewe akiapa kwamba ni nyumba ya familia. Kuna moja refu lenye madirisha makubwa pande zote mbili, nikasema hili ni darasa, na kweli juzi wamechora herufi ukutani. Godauni la mbolea lina matundu juu kabisa karibu na paa, hewa ipite lakini mkono wa mwizi usifike.

Na banda la kuku nalijua. Baba alinishikisha mwiko tulipojenga la kwetu. Ukuta mfupi, juu yake wavu mpaka kwenye paa, chini maranda ya mbao. Kuku anataka hewa, hana haja ya dirisha.

Basi siku moja nampelekea Shemeji maji ya kuoga, nikamsikia akiongea na fundi kwenye simu.

"Dirisha la mbele liwe kubwa, lionekane kutoka njiani. Na baraza usiisahau. Pazia nitaleta mwenyewe."

Mama, pazia la kuku?

Nilimwekea maji bafuni. Lakini tangu hapo nikawa naangalia. Yale mapazia ya zamani ya maua yaliyokuwa kwenye sanduku hayapo. Ile kanga ya kijani yenye korosho, uliyompa Dada siku ya kumuaga, haipo. Dada aliitafuta mpaka chini ya godoro. Yeye naye ameanza kushtuka. Akiwa anamsuka mteja saluni alisema, "Mume wangu siku hizi ananukia vizuri akienda bandani kuliko akienda kanisani," wanawake wote wakacheka, na yeye akacheka, ila mkono wake ulivuta nywele mpaka yule mteja akapiga kelele.

Kisha wiki iliyopita Dada akatoa lile begi kubwa juu ya kabati.

"Nakwenda Kisarawe kwa Mama kusalimia," akaniambia.

"Na begi hilo lote, Dada?"

"Nitasalimia sana."

Ndipo nikaona lazima niende. Mimi ambaye hata dukani naogopa kuomba chenji yangu! Nilifika Mlandizi, nikaunganisha gari, na mwisho nikachukua bodaboda. Dereva akaniuliza nakwenda kwa nani.

"Kwa bwana mmoja anafuga kuku. Anafanya kazi ofisini Kibaha."

"Aaah, yule karani mwenye mke asiyeonekana! Wewe ni ndugu yake mke?"

Nikasema ndiyo. Na si uongo.

"Basi mwambie atoke atusalimie. Tangu wahamie tunaona kanga yake tu kwenye kamba. Sisi hatung'ati."

"Kanga gani?"

"Ya kijani. Ina makorosho."

Mama, nilimshika yule dereva bega kwa nguvu mpaka akaniuliza kama naogopa mwendo.

Alinishusha njiani. Nyumba ilikuwa ng'ambo ya shamba la mihogo, imepigwa lipu mbele na kupakwa rangi ya maziwa. Baraza ipo. Dirisha kubwa lipo, na mapazia yetu ya maua. Kwenye jiko la mafiga moshi ulikuwa bado unatoka. Kanga ya Dada imeanikwa, na pembeni yake, Mama, sketi yangu ya shule! Mlangoni kuna ndala ndogo za kike. Nikawaza, huyu mwanamke hana haya, amechukua mume na kanga, na sasa anavaa mpaka sketi yangu. Nilipanga maneno ya kumwambia. Yalikuwa maneno mazuri sana, sijawahi kupanga maneno kama yale.

Nikabisha hodi. Kimya. Nikabisha tena, nikasikia mtu anatembea ndani taratibu. Nikasogea dirishani, nikapenyeza mkono kwenye nondo na kuvuta pazia.

Kuku. Sebule nzima kuku. Mmoja alikuwa juu ya kiti kibovu ananitazama kama mimi ndiye mgeni asiye na adabu.

Nikazunguka nyuma. Nyuma hakuna nyumba. Kuna ukuta mfupi, wavu mpaka kwenye paa, na maranda chini, vilevile kama Baba alivyonifundisha. Mbele ni nyumba ya watu, nyuma ni banda. Chumba kimoja tu cha pembeni kina mlango wa mbao na kufuli.

"Shem?"

Shemeji alikuwa nyuma yangu na ndoo ya maji. Nikasema shikamoo, ingawa tulikuwa tumeamkiana asubuhi nyumbani.

"Marahaba. Umekuja na dada yako?"

"Hapana."

"Anajua?"

"Hapana."

Akaweka ndoo chini, akanirudisha mbele na kukaa kwenye baraza. Ndipo akanieleza. Jirani wa upande wa pili ameng'oa mkonge wa mpaka na kupanda mihogo yake ndani ya shamba letu. Ile mihogo niliyoivuka ni ya kwake! Akiulizwa anasema hapa ni pori, hakuna mwenyewe. "Shamba lisilotoa moshi kila mtu analiona pori," Shemeji akasema. "Kuku hawaogopwi, Shem. Mke anaogopwa. Jirani akiona kanga imeanikwa anajua kuna mtu wa kupiga yowe." Kwa hiyo akajenga banda lenye sura ya nyumba, na kila Jumamosi anakuja kubadilisha nguo kwenye kamba. Kuna bibi mmoja jirani anamwashia moto asubuhi na jioni. Mwisho wa mwezi huu kamati ya ardhi ya kijiji inakuja kuhakiki mipaka, na inataka kumkuta mtu anayekaa.

"Kwa nini usimwambie Dada?"

"Saluni! Dada wa yule jirani anasukwa palepale. Nikimwambia dada yako asubuhi, mchana Magindu yote inajua kwamba mke wangu ni jogoo."

Nilicheka, Mama. Kisha nikamuuliza ndala ni za nani, kwa sababu Dada ana mguu mkubwa. Akainama.

Ni zako. Zile za bluu ulizosahau ulipokuja kumuuguza Dada alipojifungua. Akaniomba kwa mikono miwili, "Usimwambie mama mkwe kwamba nimeweka ndala zake mlangoni kwa kuku. Nitamtazama vipi?"

Nikamwahidi. Nisamehe kwa kuivunja ahadi, lakini sina njia nyingine. Begi la Dada limeshajaa na anasema atakuja kwenu mara tu saluni itakapopungua wateja. Nikimwambia ukweli, shamba linapotea. Nisipomwambia, ndoa inapotea. Nami sijui kusema uongo kwa siku nyingi, uso wangu unanisaliti.

Na bado kuna jambo linanisumbua. Nilipouliza kuhusu kile chumba chenye kufuli alisema ni stoo ya chakula cha kuku. Nikamwambia nifungulie basi niwape, akasema ufunguo ameuacha Mkuza. Lakini alikuja kuwalisha. Na stoo ina kidirisha chini, usawa wa kitanda, kama chumba cha mtu kulala, si juu kama matundu ya godauni. Namwamini Shemeji, Mama. Ila kidirisha kile sikiamini.

Basi nimewaza hivi: njoo wewe, kabla Dada hajaondoka. Akikuona hapa begi litarudi juu ya kabati, maana atamsalimia nani huko? Halafu sema umetamani kuona kuku, ukae Magindu mpaka kamati ipite. Watamkuta mtu mzima barazani, anapepeta mchele, na hakuna jirani atakayesema ni pori. Ukifika, ndala zipo mlangoni. Zivae tu kama ulizivua jana. Usiulize zilifikaje.

Na jioni, mkiwa mmetulia, mwombe ufunguo wa kile chumba. Mimi anaweza kunizungusha, lakini mwanaume hamnyimi mkwe wake ufunguo.

Msalimie Baba na umpe pole ya kifua. Mpe shikamoo Bibi, na umwambie nyumba yake ya udongo ina ubaridi mzuri kuliko bati zote za huku. Msalimie Shangazi, na yule mdogo wangu mpenda spika.

Ukishaisoma iweke barua hii kwenye moto. Usimwambie Dada, hata akilia. Usimwambie Shemeji kwamba mimi ndiye niliyekuita. Na tafadhali, Mama, Baba naye usimwambie, kwa maana akianza kucheka kuhusu jogoo hataweza kunyamaza.

Ni mimi binti yako anayekungoja,
Tumaini