Mfuniko wa Sanduku la Mama

Baba Faiza na Faiza,

Sanduku msiliguse, mfuniko haujakauka! Wali umo chunguni. Faiza, siki iliyomo kwenye chupa ya soda ni ya mbao, usije ukaitia kwenye achari.

Baba Faiza, umetoka asubuhi ukinicheka, ati mkeo anaunywesha ubao chai. Kidogo nliumia, lakini sikiliza. Ule ubao mpya mweupe aloutia fundi kwenye mfuniko nliupaka chai ya rangi nzito, nkauacha ukauke. Kisha nkaupitishia siki nliyorowekea misumari ya kutu. Mwanzo kimya. Nkasema nshaharibu. Mara ukaanza kugeuka mbele ya macho yangu, kijivu, kisha kahawia, mpaka ukafanana kabisa na mbao za zamani za sanduku la marehemu mama! Nlipiga vigelegele peke yangu, jirani akauliza nani kaolewa.

Tangu nlipouvunja ule mfuniko, dada Tahiya hajakanyaga hapa. Basi nimempelekea picha, na sasa ~~nnakwenda Mangapwani kumfuata~~

Siendi tena! Nnaandika hivi, simu ikalia. Ni yeye. Kaniuliza, "Kidawa, huo ndio mfuniko wa mama?" Nkamwambia, "Ndio huo, dada. Njoo." Akalia, nami nkalia. Yuko njiani!

Nnakimbilia sokoni kumtafutia pweza. Akitangulia kufika, mkaribisheni vizuri, na asiondoke kabla sijarudi.

Mama Faiza