Mlio Chini ya Kiti cha Mama Mkwe

Jumapili, 7 Julai 1957

Gari linagonga! Likienda polepole, kimya. Nikikanyaga mafuta tu — ko! ko! ko! — kama mtu anayepiga hodi kwa hasira. Mtaa mzima wa Kindu ulikuwa unalisifia, gari la Donatien, ndiye mimi, karani wa stesheni. Sasa wanalisikia kabla ya kuliona.

Ningecheka, kama si mama mkwe. Mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili. Daktari wa macho anafika Kalima Ijumaa tarehe 19, siku hiyo moja, kisha basi mpaka mwakani. Nimeahidi kumpeleka. Nilimwahidi kupitia mke wangu Victorine, bila shaka. Tangu nimwoe binti yake sijasema naye neno, wala sijamtazama usoni; naye nikipita hufunika kichwa. Heshima ya mkwe ndiyo hiyo, kwao Pangi na kwetu pia.

Jumanne, 9 Julai

Masudi fundi amekuja baada ya kazi. Akafungua kapo, kifuniko cha injini, akasafisha plagi, akakanyaga mafuta gari likiwa limesimama. Kimya! Tukaingia barabarani, yeye kando yangu. Ko! ko! Anasema ni valvu, lazima injini ifunguliwe. Injini nzima! Na Alhamisi ya wiki ijayo ndiyo safari.

Alisema pia mmoja wetu akae nyuma kusikiliza. Nikakataa. Masudi akae nyuma kama mkubwa, mimi nimwendeshe mbele ya macho ya watu? Au mimi nikae nyuma, yeye aendeshe? Usukani wangu simpi mtu. Tukacheka, tukaenda kunawa mafuta mikononi.

Jumamosi, 13 Julai

Victorine alitaka mama yake alizoee gari kabla ya safari. Amefunga kikwembe, kitenge chake kikubwa, katikati, toka mlango hadi mlango, pazia kabisa. Mimi mbele peke yangu, wao nyuma. Nikaendesha hadi uwanja wa ndege na kurudi, mdomo nimeufunga.

Kila nikikanyaga mafuta, ko! ko! — halafu fimbo ya mama mkwe nayo, ko!, sakafuni. Kila mara. Nikadhani analalamika. Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

Tulipofika nyumbani Victorine akanifuata. "Mama anasema hivi: iko nagonga chini ya muguu yake ya kuume. Si mbele. Anauliza kama hamusikie."

Nikalala chini ya gari na suti yangu. Bomba la moshi! Mpira unaolining'iniza umekatika, bomba linaruka na kupiga sakafu. Pale pale kwenye mguu wake. Wiki nzima sisi wawili mbele, tunashika injini isiyo na kosa, kwa sababu hakuna mwanamume aliyekubali kukaa nyuma.

Nilimwambia Victorine amshukuru mama yake. Akarudi na jibu: "Anasema si kitu, yeye anakuwa pale tu amekaa, kazi yake ni kusikiliza."

Jumapili, 14 Julai

Masudi amekata ukanda wa tairi kuukuu, akafunga bomba. Kimya kitamu! Kuhusu valvu hakusema kitu, na mimi sikumkumbusha. Raha tupu.

Alhamisi, 18 Julai. Njiani

Naandika nikiwa nimekaa kwenye mawe kando ya barabara, injini ipoe.

Alfajiri mtoto wetu aliamka na surua. Victorine hawezi kumwacha. Nikasema tuahirishe. Akanikazia macho: kuahirisha mpaka mwakani? Mdogo wake Clémentine yuko Kalima, atampokea mama. "Pazia liko. Muende." Basi tumeondoka, mimi na mama mkwe na kikwembe. Hata kwenye kivuko cha Lualaba hakuna aliyesema neno. Niliona aibu hata kukohoa.

Kisha mlima wa kwanza. Nakanyaga mafuta — ko! ko! ko!

Nikasimama. Nikachungulia chini: ukanda wa Masudi uko imara. Sasa nini? Anayesikia yuko nyuma ya pazia, na wa kupeleka maneno yuko Kindu na mtoto. Nilizunguka gari kama mjinga. Mwishowe nikaliambia gari lenyewe, kwa sauti: "We gari, leo unalilia wapi?"

Halafu nyuma ya kikwembe, sauti ambayo nimeisikia miaka yote kupitia ukuta tu:

"Gari, ambia bwana yako: leo si kwangu. Iko mbele, kwa muguu yake yeye."

Nikafungua kapo. Boliti inayoshika injini imelegea, nati haipo, injini inajipinda kila nikikanyaga. Kumbe ndiyo iliyokata hata ule mpira! Nimeifunga kwa waya, nimezungusha na koleo mpaka vidole vikauma. Itafika? Sijui. Milima bado mingi.

Nikasema: "Gari, tutaenda polepole. Mwambie mama asiogope."

"Gari, mama haogope. Anasikia bwana yako anaendesha muzuri."

Nilifurahi kama mtoto, nasema kweli. Nikageuka kufunga kapo. Nayo sauti tena, chini zaidi:

"Gari, uliza bwana yako. Wajukuu nitawaona, Victorine nitamuona. Na yeye, munganga akifungua macho yangu, nitaendelea kufunika kichwa?"

Nikasema injini bado ina moto. Uongo nusu. Nikaja hapa kwenye mawe na daftari.

Injini imepoa zamani. Waya nimeukagua tena. Kikwembe kinatikisika kidogo, na upepo haupo. Anangoja. Na safari hii siwezi kulijibu gari; lazima nimjibu yeye mwenyewe.