Mama wa Binti Maporomoko Hakufa

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti linakuruhusu kufika shambani. Mvua zimeanza huko Rulenge? Maharage yametoa maua? Mimi huku Dar es Salaam mwili ni mzima, ila nimetoka kwenye ugomvi, na nataka uusikie kwangu kabla ya kwa wengine.

Unajua natunga na kuchora hadithi za katuni. Mwaka huu nilikabidhiwa mfululizo wa Binti Maporomoko, yule msichana anayepata nguvu zake kwenye maporomoko ya Rusumo. Mwandishi aliyemwanzisha ameacha kazi. Katika kitabu chake cha kwanza binti ni mtoto, wanakimbia vita, na waliovuka naye wanamwambia mama yake amechukuliwa na mto. Mimi nikamrudisha yule mama. Nikamweka sokoni Kabanga anauza maparachichi, binti akamkuta.

Mama, mashabiki walinivaa. Mtandaoni wakaniita mharibifu, wengine wakasema sikusoma hata kitabu cha kwanza. Mhariri akaandaa mkutano kwenye duka la vitabu ili niwatulize. Kijana mmoja mwenye miwani, anayekusanya matoleo yote, akasimama na kitabu cha kwanza mkononi.

"Dada, hapa wanasema amekufa. Tumelia na huyu binti miaka yote. Wewe ni nani wa kutufutia?"

"Sijafuta neno," nikamjibu. "Nani aliuona mwili?"

"Hakuna. Lakini mtu akishafanyiwa matanga, amekwisha."

"Kwenu labda. Kwetu Ngara sivyo."

Nikawasimulia habari za mdogo wako, mama mdogo Yustina. Jinsi mlivyopotezana mkikimbia vita, ukamwombea misa ya marehemu, kisha miaka mingi baadaye akashuka kwenye basi Kabanga akiulizia kwako. Nikawaambia ulimzuia mlangoni, ukamwuliza jina la mbuzi wenu wa utotoni, akalitaja, ndipo ukamkumbatia.

Yule kijana hakukubali. Alisema maisha ni maisha, na kitabu kina kanuni zake. Nilimheshimu, maana anakipenda anachokitetea. Lakini sikurudi nyuma.

Kesho yake mhariri akaniita. Alitaka toleo lijalo lionyeshe kuwa yule mwanamke ni tapeli aliyejifanya kuwa mama wa binti.

"Andika hivyo, Leokadia, mambo yaishe."

"Siandiki."

"Basi nitampa mwingine."

"Mpe. Ila jina langu lisiwemo."

Nikakusanya kalamu zangu nikatoka. Niliumia, sikufichi, maana yule binti nilimpenda. Sasa nachora hadithi yangu mwenyewe, ya mwanamke anayerudi nyumbani baada ya kuliliwa. Hana nguvu za ajabu, anatembea tu. Yule kijana wa miwani ameniandikia kwamba atainunua ili aikosoe. Nimemwambia karibu.

Usinihurumie, Mama. Niombee tu mkono usichoke.

Nisalimie mjomba anayepiga kengele ya parokia, na shemeji anayeshughulikia malori pale Rusumo. Mama mdogo mwambie kwamba huku mjini wapo wanaobisha kuwa mtu aliyekwisha kuliliwa hawezi kurudi. Acheke kwanza, kisha aendelee kula ndizi zake.

Ni mimi mwanao, ambaye hajaomba radhi,

Leokadia