Ini la Mkuu wa Meza

Thessaloniki, 3 Februari

Kaka Murmani,

Hujambo? Mkeo Eteri na watoto hawajambo? Bibi ninayelipwa kumtunza huku ugenini ni mzima kuliko mimi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nitaishia kulia tu.

Ini langu limekwisha. Daktari ananipa mwaka mmoja, labda, nisipopata kipande cha ini la ndugu. Na hospitali ya Tbilisi wameniambia kuhusu kipimo chako: ini lako nalo limejaa mafuta, halikatwi. Usijilaumu. Baba alikufundisha kuwa mkuu wa meza, kuongoza karamu kwa hotuba na divai, hakukufundisha kula kidogo. Nakukataza kulia.

Mdogo wako, Lamara


Zestaponi, 20 Februari

Lamara mdogo wangu,

Barua nimeipata kwa dereva wa basi, pamoja na zeituni. Sisi wazima. Kulia nimeshalia, umechelewa kunikataza.

Kisha nikarudi kwa daktari aliyenipima, yule binti mwembamba. Nikamwambia, "Mama, nipe la kufanya, pole ninazo nyingi nyumbani." Akasema ipo sindano ya wenye kisukari, hiyo hiyo wanayopunguzia unene. Unajichoma tumboni mara moja kwa wiki. Inaiga homoni ya utumbo inayomwambia mtu ameshiba, na anavyopungua, mafuta ya ini nayo yanapungua. "Siahidi kitu," akasema. "Sasa hivi theluthi ya ini lako ni mafuta. Nipe miezi sita. Na divai, hata tone usiguse!"

Nimeshaanza kujichoma. Kichefuchefu kipo, usidhani nastarehe. Lakini jana Eteri kaweka mkate wa jibini mezani, wa moto, nikautazama tu kama gazeti la juzi. Mimi! Aliyeigundua dawa hii ningembusu mikono yote miwili.

Kaka yako, Murmani


Thessaloniki, 28 Agosti

Kaka,

Natumai mko salama. Mimi macho yamekuwa manjano na miguu imevimba.

Shangazi Tsiala kanipigia, anafoka. Eti harusi ya mtoto wa kiume wa jirani yenu Gocha umeiongoza kwa maji badala ya divai, mbele ya watu mia mbili! Murmani, usijivunjie heshima kwa ajili ya jambo ambalo huenda lisiwezekane. Kama dawa imeshindwa, niambie. Usinifiche.

Lamara wako


Zestaponi, 12 Septemba

Lamara,

Sisi hatujambo. Shangazi kasema kweli, ila kakata simu kabla ya utamu.

Niliponyanyua maji, baba wa bibi harusi alisimama na pembe ya ng'ombe iliyojaa divai mkononi. "Mkuu wa meza, umeingia utawa? Au binti yangu hastahili divai?" Nikamwambia, "Mzee, meza hizi nimeziongoza miaka ishirini. Leo ini nililobeba ni la dada yangu, namtunzia. Ukitaka nilimwagie divai, muombe ruhusa yeye."

Yule mzee akaitazama pembe, akainywa yote kwa niaba yangu. Akanijazia glasi ya maji kwa mkono wake. "Kunywa," akasema, "na asiyependa aje kwangu." Nililia mbele ya watu mia mbili, na sioni haya.

Nimepungua kilo ishirini na tatu. Suruali nazifunga kwa kamba. Jana wamenipima tena. Mafuta ni sehemu nne tu kwa mia. Daktari wangu alikagua picha mara mbili, kisha akanikumbatia. Sindano tumeisimamisha, tujiandae kwa upasuaji. Panda ndege, siyo basi.

Kaka yako


Tbilisi, 9 Novemba

Kaka yangu,

Hujambo huko chumba cha tatu? Kidonda hakikusumbui sana? Muuguzi anasema wamekukata zaidi ya nusu ya ini na bado unawatania. Wanasema litakua tena. Barua hii anakuletea yeye, maana mimi bado sijaruhusiwa kushuka kitandani.

Nimejiona kwenye kioo. Macho ni meupe. Nilitaka kukuandikia maneno makubwa, kama yale unayoyatoa wewe mezani, siyawezi. Nakupenda, na sijapata kuona mwanamume kama wewe.

Ila nina lalamiko. Tangu asubuhi nimemaliza supu bakuli tatu, na sasa naota biringanya za kwetu, zilizojazwa kokwa za jozi zilizosagwa. Muuguzi kashika kiuno, ananiuliza, "Mgonjwa gani wewe?"

Nimemwambia asinilaumu mimi, ini ni la Murmani.

Dada yako, Lamara