Kwa Wachezaji Sita na Paa

Mtaa wa Doveton,
Castlemaine, Victoria.
20 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Merle,

Nakusalimu kutoka huku kwenye joto kavu, nikijua kwamba ninyi huko Broome mko kwenye joto la unyevu. Goti lako linaendeleaje? Baba ameniambia umeanza tena kupanda ngazi za hospitali bila kushika ukuta. Nimefurahi, ingawa nakuomba ushike ukuta. Hapa sote tu wazima. Baba anakohoa kidogo kwa sababu ya moshi wa moto wa msituni mwezi uliopita, lakini anakula vizuri, na yule mbwa bado anaishi, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

Kwenye kadi ya Krismasi uliniuliza kama bado nina kazi. Ninayo. Juma lililopita nilikuwa na hakika kwamba sina, ndiyo maana barua hii imechelewa. Sikutaka kukuandikia kabla ya kujua.

Unakumbuka nilikueleza kwamba mimi ni karani katika ukumbi mdogo wa muziki, ule uliokuwa ghala la sufu. Hauna mwenyewe wala haugawi faida. Unaendeshwa na kamati, ruzuku ya halmashauri na keki za wanachama, na unapiga muziki ambao redio haiupigi. Oktoba alikuja mtu akapiga donge la barafu kwa saa nzima hadi likayeyuka. Mwanzoni niliogopa nitacheka, kisha nikaogopa nitalia. Sasa nimewazoea watu hawa, na nakwambia kweli sijaona wengine wanaosikiliza kama wao. Mtu akipiga chafya, wanaisikiliza chafya hadi iishe.

Ninayemheshimu kuliko wote ni Bi. Noreen Skewes. Ana miaka sabini na minane, amefundisha piano nusu ya watoto wa mji huu, na siku hizi macho yake yanaona mwanga na vivuli tu. Kwa majira matatu ya joto alikuwa akija ukumbini jioni na kukaa peke yake kwenye kiti cha plastiki, chini ya mabati. Unajua yanavyolia mabati ya zamani jua linapoyaacha: tak, kimya kirefu, tak tak. Nilidhani anapumzika. Kumbe alikuwa anatunga.

Novemba aliniletea barua ya kurasa tatu iliyoandikwa na mjukuu wake kwa niaba yake. Alieleza kwamba utunzi wake mpya, kwa wachezaji sita na paa, ungepigwa tarehe 15 Februari saa kumi na mbili na nusu jioni, na akaomba paa lisiguswe kabla ya siku hiyo. Niliisoma mara mbili, nami nikadhani paa ni namna ya kusema tu. Usinicheke, Shangazi. Mwaka juzi tulikuwa na utunzi kwa filimbi na jambo lililosahaulika, na hakuna aliyeniambia nilitafutie kiti hilo jambo. Nikaiweka barua yake kwenye faili la wanamuziki, herufi S, mahali pake kabisa.

Januari halmashauri ikatukubalia paa jipya lenye blanketi la kuzuia joto, kwa sharti kwamba kazi ifanyike juma la tarehe 10 Februari. Mwenyekiti wetu, Graeme Loader, alikuwa Tasmania kwa binti yake, akanijibu kwa simu neno moja: endelea. Nikafungua faili la majengo nione kama kuna kizuizi. Hapakuwa na kitu. Nikatia sahihi.

Mafundi walimaliza Jumatano. Alhamisi wachezaji sita na ala zao wakafika kutoka Melbourne kwa mazoezi. Wao hawakuwahi kuliona paa la zamani. Bi. Noreen akaletwa na mjukuu wake, akakaa, akainua mkono, na nje joto lilikuwa digrii thelathini na nane. Nilisimama mlangoni na trei ya maji. Wakakaa kimya dakika tano, kumi, ishirini. Hakuna aliyeshangaa, maana kwetu kukaa kimya dakika ishirini ni jambo la kawaida. Ndipo nikatazama juu, nikaona lile blanketi la rangi ya fedha linang'aa, na zile kurasa tatu zikanirudia neno kwa neno.

Nilitaka kukimbia. Niliweka trei chini, nikiwa tayari nimeshika ufunguo wa baiskeli. Lakini mkono wa Bi. Noreen ulikuwa bado juu, ukilingoja paa.

"Bi. Noreen," nikasema, "halitalia. Limebadilishwa."

"Nani huyo?"

"Tamsin. Wa ofisini."

"Limebadilishwa lini?"

"Jumatatu hadi jana. Niliyetia sahihi ni mimi."

Akashusha mkono. "Nilikuandikia."

"Ndiyo. Niliiweka kwenye faili la wanamuziki. Sikutazama huko."

Mpiga selo, ile fidla kubwa, anayeitwa Huong, akauliza taratibu, "Sasa mimi muda wote huu nimekuwa nikisikiliza nini?"

"Tumbo langu," jirani yake akamjibu. "Na ulikuwa unaitikia kwa kichwa."

Bi. Noreen hakucheka. "Umeniharibia majira matatu, binti," akaniambia. "Sikwambii ili ulie. Nakwambia ili ujue ni kiasi gani. Haya, yale mabati yako wapi?"

Yalikuwa uani, yakisubiri lori la kesho yake. Nikampigia simu fundi wa paa, Brent Tully.

"Dada," akasema, "miaka ishirini na sita watu wananiita niyanyamazishe mabati. Wewe wa kwanza kuniomba niyarudishie mdomo. Umekunywa?"

"Sijakunywa."

"Ningekuwa wewe ningeanza. Haya, nakuja asubuhi."

Mimi nilifikiri tutayaanika juani, yapate moto, yalie yenyewe. Tully alipofika akaligonga moja kwa ncha ya kiatu. "Likilala hivi halisemi kitu hata uliangalie mwaka. Bati linalia kwa sababu limeshikwa. Linataka kujivuta, msumari unakataa."

Bi. Noreen akageuza kiti chake. "Rudia hapo." Tully akarudia. "Kumbe nawe unasikiliza," Bi. Noreen akamwambia.

"Nisikilize nini, mama? Mimi natafuta panapovuja."

Ijumaa nzima Tully na mafundi wake walijenga paa dogo uani kwa mbao za zamani, la kimo cha kiuno, mabati kumi na mawili. Walibishana juu ya misumari. Tully alitaka skrubu mpya zenye mpira, Bi. Noreen akataka misumari ileile kwenye matundu yaleyale.

"Imeota kutu hii. Siwezi kuweka jina langu kwenye kazi kama hii."

"Basi weka langu."

Tully akanituma ndoo ya misumari. Mimi nilikuwa nimepiga picha kila bati kabla halijang'olewa, nikaliwekea namba, kwa ajili ya bima, ingawa hakuna aliyeniagiza. Kwa hiyo tulijua lipi lilikuwa jirani ya lipi. Tully alizipitia zote kwenye simu yangu, akaniuliza mimi hulala saa ngapi.

Jumamosi walikuja watu kama sitini. Tuliweka viti kulizunguka lile paa, nami sikuweza kukaa. Saa kumi na mbili na nusu kivuli cha ukuta kikapanda juu ya bati la kwanza. Kimya. Nilihesabu pumzi zangu hadi arubaini. Kisha: tak.

Mkono wa Bi. Noreen ukainuka na Huong akajibu kwa noti moja nyembamba. Kila mchezaji alikuwa na mabati yake mawili, na hakuruhusiwa kupiga mpaka mojawapo liseme. Basi walikuwa wakiinama kuyaelekea kama mtu anavyomwinamia mgonjwa anayetaka kuomba maji. Sina maneno ya muziki, Shangazi. Naweza kukwambia tu kwamba sijawahi kuona watu wazima sita wakingoja kitu kwa adabu namna ile.

Upepo baridi wa kusini ulitangazwa kufika saa mbili. Ulifika saa moja kasorobo. Mabati yote yakaanza kulia pamoja, kama bisi kwenye sufuria, na wachezaji wakashindwa kuyafuata. Nikajua tumeharibikiwa tena. Bi. Noreen akashusha mkono polepole, nao wakalaza vyombo mapajani mmoja baada ya mwingine, na paa likaendelea peke yake hadi likaisha. Tully, aliyesema atakaa dakika tano tu, alikuwa akionyesha kwa kidole bati litakalofuata, na mara nyingi alipatia. Ilichukua muda mrefu kabla ya mtu yeyote kupiga makofi.

Baadaye nilimwendea Bi. Noreen nikamuuliza kama ndilo lile paa alilolitungia.

"Silo," akasema. "Lile lilikuwa kubwa, nalo lilikuwa juu yangu. Lile limekwenda na halirudi." Akanyoosha mkono, akaulaza juu ya bati lililokuwa bado vuguvugu. "Lakini hili nalifikia."

Jumanne nilisoma taarifa yangu mbele ya kamati, na jina langu nililiandika mwanzoni, si mwishoni. Graeme akaamua kwamba kuanzia sasa kila barua inanakiliwa katika mafaili yote mawili, akauliza nani ana keki. Ndivyo nilivyojua kwamba bado nina kazi.

Lile paa dogo bado liko uani. Linaziba njia ya mapipa ya taka, na Bi. Noreen huja kila jioni kukaa kando yake. Jana Graeme aliniagiza nimwandikie Tully aje aliondoe. Tangu nianze kazi sijawahi kuiacha barua ya ofisi ilale mezani hata usiku mmoja. Hii, Shangazi, sijaiandika.

Nisalimie Mjomba Des, mwambie Baba anasema bado anaidai ile ndoano yake. Nisalimie pia Kerensa na pacha wake, na wauguzi wenzako wote wa zamu ya asubuhi. Mungu akutunze, akupe usingizi mwema na upepo dirishani.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye bila kupungua,

Tamsin Pascoe